Kopo la Mzee Athumani na Boti ya Baringo

Tangu nirudi, kila nikikaa pale kahawani Bondeni mnaniuliza swali lile lile: ni kweli, Salim, ulizima injini katikati ya Ziwa Baringo ukataka kung'oa kifaa ulichosafiri siku tatu kwenda kukifunga? Nani aliyewaambia sikujua, ingawa nilikuwa na jina moja kichwani. Nimeona niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo mtanikatiza kabla sijafika Mogotio. Na niseme mapema, ili msije mkajifanya mmenigundua: safari hii niliifanya kwa wivu. Wivu ndio ulionitoa nyumbani, ukanipandisha Dundori kwenye baridi, ukanilisha samaki asiyekuwa wangu, na hapa ninapoandika bado ninao.

Wivu wenyewe una jina, Wambugu. Wengi wenu mnamkumbuka. Tulijifunza ufundi pamoja chini ya Mzee Athumani, Mungu amrehemu, kwenye banda lile lile ninalofanyia kazi hadi leo. Mzee alipofariki vitu vyake viligawanywa kama alivyoagiza. Wambugu akapewa spana ya kipimo, ile ndefu inayolia "tak" boliti ikikazwa kiasi chake, ambayo mtaani kwetu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Mimi nikapewa banda, ambalo ni la kukodi, kwa hiyo tuseme tu nilipewa kopo. Kopo la maziwa ya unga, lenye themostati kuukuu ndani. Wambugu alichukua spana yake akahamia Naivasha, kwenye boti za watalii, na tangu hapo kila habari yake inayonifikia ni nzuri.

Kwa asiyejua, themostati ni mlango mdogo wa shaba ndani ya injini, wa kupitishia maji ya kupoza. Injini ikiwa baridi, mlango unajifunga ili ipate joto upesi. Ikishapata joto, unajifungua ili ipozwe. Mzee alitufundisha hivi: "Kikikwama hiki kitakuulia injini. Toa, weka kando, endelea na kazi." Nami nimetoa. Kwa miaka ishirini nimetoa, na kila nilichotoa nimekitupia ndani ya kopo lile juu ya rafu, mteja akione. Gari likija linachemka, la kwanza ni kutoa kidude, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Fundi gani wa Nakuru hafanyi hivyo?

Sasa, boti. Mama Nasieku ana boti inayovusha watu kutoka Kampi ya Samaki hadi visiwani, na ndani yake amefunga injini ya dizeli ya pikapu. Anaiendesha mwenyewe, nami nimeihudumia miaka kumi na moja. Mwaka huu oili ilianza kugeuka nyeupe chini ya kifuniko, kama maziwa lala. Nikadhani maji yanavuja kuingia kwenye oili, nikabadilisha gasketi mara mbili na mara mbili weupe ukarudi. Halafu Wambugu, aliyekuwa amekwenda harusini huko, akavuka kwa boti hiyo kama abiria. Walipofika ng'ambo akagusa filta ya oili kwa kiganja, akaikuta baridi baada ya mwendo wote ule. Akasema gasketi haina kosa. Maji ya ziwa yanapita kwenye kipozeo cha oili muda wote, oili haipati joto hata siku moja, na unyevu ndani yake haukauki. Iwekwe themostati ya oili, ili oili isipite kwenye kipozeo mpaka ipate moto.

Mama Nasieku akanipigia simu. "Fundi, Wambugu amesema." Maneno hayo mawili ya mwisho yalinikaa kooni wiki nzima. Akaongeza, "Kama hutaki kuiweka, niambie mapema. Hii boti ndiyo inapeleka akina mama kliniki. Siwezi kungoja injini ife juu ya maji." Nilielewa vizuri. Nikiharibu mara ya tatu, boti inakwenda kwa Wambugu.

Nakuru hadi Naivasha

Habari za kuagiza kidude siziingii. Jueni tu kwamba kilifikia mikononi mwa Wambugu, na mimi ndiye niliyetakiwa kwenda kukichukua.

Kabla ya Gilgil matatu yetu ilisimama saa moja na nusu. Lori la kabeji lilikuwa limelala ubavu, na dereva, aliyetoka mzima kabisa, alikuwa akigawa zile zilizopasuka ili njia ifunguliwe. Alinipa moja kubwa. Nilikuwa nimeondoka nyumbani mikono mitupu kwa makusudi, sikutaka kumpelekea Wambugu hata sukari, lakini sikuweza kuitupa kabeji mbele ya mtu aliyenipa. Nikafika nayo Naivasha nimeikumbatia. Mke wa Wambugu akaipokea kwa mikono miwili.

"Salim, si ungekuja tu. Umehangaika kutoka Nakuru na kabeji yote hiyo?"

"Ni kitu kidogo," nikasema.

Ningependa kuwaambia karakana yake ni ya kawaida. Sakafu ni ya saruji na imefagiliwa. Ukutani kila kifaa kina msumari wake, na nyuma ya kila kifaa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikikosekana ionekane. Vijana watatu wenye ovaroli zinazofanana wanamwita mwalimu. Mwalimu! Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye spana ya Mzee Athumani. Ilikuwa katikati ya ukuta, imepakwa mafuta, inang'aa kuliko ilivyong'aa kwa Mzee mwenyewe.

"Huyu ndiye nilikuwa nawaambia," Wambugu akawaambia vijana wake. "Tumefunzwa banda moja. Huyu anaweza kushusha injini akiwa amefunga macho."

Ilikuwa sifa ya kweli, na iliniuma. Mtu anayekusifu mbele ya watu wake hana habari na wewe, ameshakupita.

Tukala perege wa kukaanga, ugali na ile kabeji yangu, ambayo mke wake aliipika na nyanya ikatoka tamu kuliko ilivyostahili. Kisha Wambugu akanionyesha kidude. Ni kisahani cha chuma kinene kama mkate wa mayai, kinakaa kati ya injini na filta ya oili, na pembeni kina midomo miwili ya kufunga paipu za kwenda na kurudi kwenye kipozeo. Ndani yake ndimo ilimo themostati. Pamoja nacho alikuwa na geji mpya ya kupima joto la oili. Akachukua karatasi na kalamu, akaanza kunichorea.

"Sasa sikiza. Ikifika themanini hivi utaona sindano inapanda tu. Usishtuke. Wacha ipande. Itafungua yenyewe."

"Najua," nikasema.

Sikujua. Nilikunja karatasi bila kuisoma nikaitia mfuko wa shati.

Wambugu akaenda ukutani, akaishusha spana ya Mzee. "Enda nayo. Boliti ya katikati ukiikaza kwa nguvu za kawaida utaikata."

Ukutani likabaki umbo jeupe tupu. Ningefurahi zaidi kama angeninyima.

Kupanda Dundori

Kutoka Nakuru kwenda Marigat nilikuwa nimepanga lifti na Mama Wairimu, mama wa viazi wa Dundori, ambaye hupeleka mzigo Marigat siku ya soko. Pikapu yake huja kwangu miaka mingi. Tulikubaliana anichukue mjini. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi akanipigia.

"Fundi, kama unataka lifti, panda juu uje uiwashe. Imekataa."

Nikapanda kwa bodaboda, kidude mapajani, spana ya Mzee imefungwa mgongoni kwa kanga ya mke wangu. Wanaojua Dundori asubuhi wanajua baridi ile. Nilipofika vidole vyangu havikuweza kushika hata kikombe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya viazi, na pikapu ilisimama kati yake, imepakiwa magunia, kimya.

Mama Wairimu alikuwa na sufuria mbili jikoni, moja ya chai na moja ya maji ya kuimwagia pampu ya dizeli. Ya chai ilichelewa, ya pampu ikatangulia. Ilichukua nusu saa ya kuwasha, kukohoa na kuzima, mpaka ikashika. Hata iliposhika hatukuondoka. Akaniletea viazi vya kuchemsha na chumvi, akaenda mbele ya gari, akachomeka kipande cha katoni mbele ya rejeta ya kupoza injini.

"Hiyo katoni ni ya nini?" nikamuuliza.

Akanitazama. "Si wewe uliniambia niweke? Baada ya kutoa kile kidude. Ulisema nikiona gari haipati joto, niweke katoni."

Kweli nilisema. Wateja wa milimani wote huwa nawaambia hivyo.

Dundori hadi Marigat

Tulitoka saa mbili na nusu. Ndani ya pikapu kulikuwa na baridi kama nje, na Mama Wairimu alikuwa amejifunga blanketi la Kimasai juu ya koti. Nikabonyeza hita. Ikapuliza upepo wa mlimani.

"Hiyo iliacha kufanya kazi siku ile ulitoa," akasema.

"Hita haihusiani na hiyo."

"Haihusiani?"

"Labda ni waya."

Tukashuka mjini, tukapita, tukashika barabara ya Mogotio. Hapo kukaanza vituo vyake. Gunia moja kwa mwenye hoteli, nusu gunia kwa shemeji wa mtu, debe kwa mwalimu mstaafu aliyetaka kwanza kutuonyesha ng'ombe wake aliyezaa mapacha. Kila kituo kina chai, na chai ya watu hao haikataliwi. Mogotio penyewe tulikunywa maziwa lala ya kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa, na mama aliyetuuzia akakikodolea macho kidude changu.

"Hiyo ni mita ya stima, boss?"

"Hapana mathe, ni ya boti."

"Boti ina stima?"

Nikaeleza, akaniitikia kwa upole, kisha akamwambia jirani yake kwa Kiswahili ili nami nisikie kwamba stima sasa inapelekwa mpaka ndani ya ziwa. Nilikuta habari hiyo imenitangulia Marigat.

Tulipoingia kwenye mashamba ya mkonge joto likaanza kupanda. Mama Wairimu akavua blanketi, kisha koti.

"Hicho kitu umebeba kama mtoto mchanga ni nini hasa?"

"Themostati."

"Ya kutoa?"

"Ya kuweka."

Akapunguza mwendo kidogo.

"Ya kuweka," akarudia. "Kwa hivyo Baringo kwa jua kali unaweka. Kwangu Dundori kwa baridi unatoa."

Nikamwambia ile ni ya oili na yake ilikuwa ya maji, ni mambo mawili tofauti. Ni kweli ni mawili tofauti. Lakini nilisikia sauti yangu mwenyewe, na isingenishawishi hata mimi.

"Nani alikwambia uweke?" akauliza.

"Mtu mmoja wa Naivasha."

"Huyo anaonekana anajua kazi," akasema, akabadilisha gia. Kabla ya Marigat kulikuwa na tikiti maji kando ya barabara, na nikamwomba asimame, maana nilihitaji kitu cha kutia mdomoni.

Kampi ya Samaki

Mama Wairimu akabaki sokoni Marigat, nami nikamalizia kwa pikipiki. Nilifika saa tisa alasiri. Mama Nasieku alikuwa bado kisiwani, kwa hiyo nikaingia hoteli ya mabati iliyo karibu na maji. Ziwa lilivyopanda limemeza barabara ya zamani na miti yote ya ufuoni, na ile miti imebaki imesimama majini, mikavu, na ndege juu yake.

Sikuagiza kitu. Mama wa hoteli alitazama spana mgongoni kwangu, akatazama kidude, akaanza kupangusa meza.

"Karibu, karibu. Tumekungoja tangu asubuhi. Wewe ndio fundi wa Naivasha?"

Jamani, ningeweza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini wanaume wawili wa boti walikuwa wameshanyanyuka kunipisha kwenye kiti chenye kivuli, na mmoja akasema, "Huyu ndiye alishika tu filta kwa mkono akajua ugonjwa." Na yule mama akaweka mbele yangu samaki mzima, mkubwa, aliyekaangwa mpaka mapezi yakawa kama krepsi za viazi, na pilipili pembeni.

"Hii ni yako. Mama Nasieku ameshasema usilipe kitu."

Nikala. Nilimla samaki wa Wambugu kuanzia mkiani, nikamaliza shavu na jicho. Nikasikiliza sifa za Wambugu nikitikisa kichwa kama mtu mnyenyekevu. Walisema hana maringo. Walisema kabla yake kulikuwa na fundi fulani wa Nakuru, miaka mingi, kazi yake kubadilisha gasketi tu. Nikaomba maji.

Mikono ilikuwa imejaa mafuta na hapakuwa na kitambaa. Nikatoa karatasi mfukoni, ile aliyonichorea Wambugu, nikajifuta nayo kidole kwa kidole, nikaitupa motoni.

Mama Nasieku akaingia dakika hiyo hiyo. Ni mwanamke mrefu, asiye na haraka, mwenye shanga nyembamba shingoni na jaketi la kuokolea begani.

"Fundi Salim," akasema. "Umefika salama."

Mama wa hoteli akatazama mifupa kwenye sahani, akanitazama mimi, akaiondoa sahani.

Ziwani

Asubuhi yake nilifanya kazi, na kazi niliifanya vizuri. Hilo nalisema bila aibu. Nilimwaga oili yote ile ya maziwa, nikatoa filta, nikasafisha uso wa chuma mpaka ukang'aa, nikapachika kisahani, nikafunga paipu mbili za kipozeo, nikapitisha waya wa geji. Boliti ya katikati niliikaza kwa spana ya Mzee Athumani. Ilipolia "tak" nilisimama kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia mkononi mwangu, maana kwa Mzee nilikuwa naisikia kutoka mkononi mwa Wambugu.

Nikafunga filta mpya, nikajaza oili safi, nikataka tuijaribu boti ikiwa tupu. Mama Nasieku alicheka. Boti ikiwashwa pale, watu wanakuja. Kufumba na kufumbua walikuwa ndani mwalimu mmoja wa kisiwani na mafaili yake, na bibi mwenye mbuzi wawili na gunia la unga. Tukaondoka.

Nilikaa karibu na injini, macho kwenye geji. Arobaini. Hamsini. Tulipita miti mikavu tukaingia maji mapana. Sitini. Sabini. Injini ilikuwa inaimba vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia, lakini mimi sikuwa nasikiliza injini. Nilikuwa natazama sindano. Sabini na tano, na haisimami. Muielewe mikono hii. Kwa miaka ishirini, sindano ikipanda namna ile, mkono wangu huenda wenyewe kwenye swichi bila kuniuliza. Sindano ikagusa themanini, ikapita.

Nikazima.

Hamjui kimya cha ziwa mpaka injini izime katikati yake. Maji yaligonga ubavu wa boti. Mbuzi mmoja akalia. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza, na taratibu boti ikageuza pua yake kuelekea kwenye ile miti iliyozama, ambako viboko hukaa. Mama Nasieku akageuka.

"Nini?"

"Imekwama. Itatuulia injini." Nilikuwa nimeshashika spana. "Naitoa."

"Unatoa nini?"

"Hii kitu. Tutafika bila hiyo."

"Fundi, karatasi imesema nini?"

"Karatasi gani?"

"Wambugu aliniambia amekupa karatasi."

Bibi wa mbuzi, ambaye usiku uliopita alikuwa ameshapata habari zote za hotelini, akasema kitu kwa lugha yao, na mwalimu akakohoa ndani ya mafaili yake. Mama Nasieku akatoa simu kwenye jaketi, akatafuta ujumbe, akasoma polepole, na niliweza kuisikia sauti ya Wambugu ndani ya sauti yake:

"'Salim atazima kabla haijafunguka. Usigombane naye. Mwambie awashe tena, aweke mkono juu ya paipu ya kwenda kwa kipozeo, angoje.'"

Hapo nilitamani viboko wanichukue. Kumbe nilikosea mahali nilipotarajiwa kukosea. Jamaa alikuwa amekaa Naivasha kwenye sakafu yake iliyofagiliwa, akaniona mimi na mkono wangu na swichi, siku mbili kabla.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia Mama Nasieku.

"Nilikuwa nangoja nione."

Miti ilikuwa imekaribia. Nikaweka spana chini. Nikawasha.

Nikaweka kiganja juu ya paipu. Ilikuwa baridi kabisa, baridi ya maji ya ziwa. Sindano ikaanza tena, themanini, themanini na mbili. Mama Nasieku alikuwa anaendesha na hakutazama nyuma. Themanini na nne. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kuzima. Nikang'ata meno nikangoja, na nawaambia katika kazi yangu yote sijawahi kungoja namna hiyo. Themanini na sita.

Kisha chini ya kiganja changu paipu ikaanza kupata uvuguvugu. Kidogo kwanza, nikadhani ni jasho langu. Halafu joto likaja kweli, likapita chini ya mkono kama chai inavyopanda kwenye birika, mpaka nikalazimika kuuondoa. Sindano ilifika themanini na nane ikasimama hapo. Haikutikisika tena mpaka kisiwani.

"Imefunguka," nikasema.

"Sawa," akasema Mama Nasieku.

Tulipofika ng'ambo na abiria wakashuka, aliniambia jambo ambalo ningependa asingeniambia. Baada ya ile harusi alimwomba Wambugu aje aifunge mwenyewe. Wambugu alikataa. Alimwambia boti ile ina fundi wake, na yeye hawezi kufungua injini ya mteja wa Salim labda Salim mwenyewe amwite. Mama Nasieku akamuuliza, na kama Salim ataharibu? Wambugu akasema, atazima mara moja, lakini ataifunga vizuri kuliko mimi.

Boti bado ni yangu. Najua mnangoja niseme nilifurahi. Nilifurahi, na wakati huo huo nilikuwa na wivu mkubwa kuliko ule niliotoka nao nyumbani, kwa sababu sasa Wambugu alikuwa amenishinda hata kwa wema.

Kurudi, na kopo

Kurudi sina mengi. Mama Wairimu, aliyelala huko amalizie viazi, alinichukua Marigat na magunia matupu na asali chupa sita, na njiani nikamweleza yote, kwa sababu mtu akinyamaza kilomita mia moja lazima umwambie kitu. Kwa hiyo jina nililokuwa nalo kichwani mwanzoni, la Wambugu, si lenyewe. Aliyewaletea habari ni mama wa viazi, na aliyempa ni mimi.

Nyumbani kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua. Nilishusha kopo kutoka kwenye rafu ya banda, nikaja nalo jikoni, nikabandika sufuria ya maji.

"Hiyo ni sufuria ya uji," mke wangu Zainabu akasema.

"Nitaiosha."

"Utanunua nyingine."

Maji yalipoanza kuchemka nikaanza kuzitumbukiza, moja moja. Mtajua, au sasa mjue, kwamba themostati nzima ikitiwa kwenye maji moto inafunguka mbele ya macho yako, na iliyokufa inakaa tu. Zile za Mzee Athumani zilikuwa na alama, msalaba mdogo aliouchora kwa msumari juu ya shaba. Nimeuona msalaba ule miaka yote nikidhani ni mbwembwe za mzee. Zilikuwa kumi na moja. Nilizitia zote, nikangoja kama nilivyongoja ziwani. Hakuna hata moja iliyofunguka.

Kisha nikatia zangu. Zilikuwa ishirini na sita. Ya kwanza ikafunguka. Ya pili ikafunguka. Zikaendelea kufunguka moja baada ya nyingine ndani ya sufuria ya uji ya Zainabu, na mimi nikiwa nimekaa kwenye kigoda na kijiko mkononi, mpaka zikabaki mbili tu ambazo kweli zilikuwa zimekufa. Ishirini na nne nilizitoa zikiwa hai.

Kikikwama, alisema Mzee. Kikikwama, toa. Tulikuwa wawili tumesimama pale akisema, na mmoja wetu alisikia sentensi nzima. Mzee alimpa huyo spana, na aliyesikia nusu akampa kopo lenye zilizokufa tu, akae nalo aliangalie. Nami nikalijaza.

Jumapili Mama Wairimu alileta pikapu. Nilimwekea themostati, nikatoa katoni mbele ya rejeta nikampa. Hakunishukuru. Aliwasha hita, akangoja, akaweka mkono mbele yake mpaka ukapata joto, akaniuliza wateja wangu wengine wa milimani wanaitwa nani na nani.

Jana Wambugu alipiga simu. Aliuliza habari za boti, nikamwambia oili ni safi. Aliuliza kama nilizima.

"Mara moja," nikasema.

"Sawa," akasema, na sikusikia kicheko, ingawa nilikisikiliza sana.

Spana hakuiulizia. Iko hapa, chini ya kitanda, ndani ya kanga. Nitampelekea mwenyewe, na kopo pia nitalibeba, nilimwagie mezani aone msalaba wa Mzee na zile zisizo na msalaba, na nimwambie kwa mdomo wangu. Nitakwenda. Lakini si wiki hii. Wiki hii bado nina wivu.